Mapezi ya Perege

Wewe ukitiwa samaki wa mtoni mkononi, utamjuaje mama yake?

Mimi napara samaki hapa Pangani tangu nimalize darasa la saba, na sikuwahi kujiuliza. Swali hilo alikuja nalo mjukuu wangu Zuwena, mtoto wa binti yangu, kutoka chuo kikuu. Alikuwa akipanda mto kwa wavuvi wa huko juu, akikata kwa kila perege kipande cha pezi, kadiri ya ukucha wa kidole cha mwisho. Nilitaka kufuatana naye. Nikaona haya kusema.

Akaniachia chumbani vichupa arubaini, kila kimoja na namba yake, pezi limezama katika spiriti.

"Bibi, shahada yangu ndiyo hii. Naenda Korogwe siku tatu. Visiguswe."

Siku ya pili akaja mdogo wangu Idarusi, akafungua kimoja, akanusa.

"Dada, hii pombe."

"Ni dawa, samaki asioze."

"Dawa inanuka kilabu? Na mswala wako huo hapo."

"Harufu ya kilabu wewe umeijulia wapi?"

Akakifunga kichupa, akaenda zake. Lakini mimi raha sikuipata tena. Nikaimwaga spiriti yote. Sasa pezi likibaki hivi hivi litaoza, hilo halihitaji chuo. Nikafanya kama tufanyavyo ng'onda: nikatwanga chumvi ya mawe ikawa laini, nikapaka kila kipande huku na huku, nikaanika juani kwenye ungo, kila kipande ubavuni mwa kichupa chake, namba zisije zikachanganyika. Kutwa nzima nafukuza kunguru. Alasiri nikarudisha kila kimoja kwake.

Zuwena aliporudi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kizingitini, akakigeuza kichupa kimoja mara nyingi.

"Mwaka mzima, bibi," akasema. Akavifungasha, akaondoka.

Wiki sita sikusikia neno. Kisha akapiga hodi.

"Shikamoo, bibi. Thelathini na nane vimesomeka. Chumvi imevihifadhi."

"Marahaba. Na viwili?"

"Viwili vimekataa."

"Vile alivyovidonoa kunguru."

Akacheka, akanieleza. Ndani ya kila chembe ya mwili mna uzi mdogo wa urithi, mtoto huupata kwa mama tu. Baba hatii mkono. Wengi wa samaki wale wana sura ya sato, yule mgeni wa kwenye mabwawa aliyetoroka na mafuriko. Uzi wao lakini ni wa perege wa mto huu huu.

"Baba zao wageni, mama zao wenyeji," akasema.

"Na uzi wenyewe haubadiliki?"

"Hubadilika, kidogo sana, vizazi kwa vizazi. Kwa mabadiliko hayo ndipo tunapojua nani ndugu wa karibu, nani wa mbali."

"Basi wewe unao wangu."

"Ninao, bibi. Nimeupata kwa mama."

Akafungua begi, akatoa vichupa vipya, vitupu, akaanza kuviandika namba. Kesho yake anapanda tena mto. Nikamshikia kalamu, nikavihesabu hadi kumi na saba.

"Nichukue nami," nikasema. "Nilitaka tangu safari ya kwanza."