Boti ya Jumamosi

Walipofika kisiwani, kitu cha kwanza walichoombwa ni simu zao. Binti wa mapokezi aliwasogezea kikapu kwa mikono miwili, uso umejaa tabasamu.

"Hapa tunapumzika," alisema. "Simu mtazichukua siku ya kuondoka. Hata hivyo mtandao haufiki."

Fundi Bati alitumbukiza yake upesi. Njia nzima alikuwa akiogopa isije ikalia, mwanawe mkubwa akamuuliza: umeshamwambia? Mkewe alifuta kioo cha yake kwa upindo wa gauni, akaitazama kidogo, ndipo akaiweka.

Waliomwita Fundi Bati walikuwa na sababu mbili. Alikuwa akiezeka nyumba za watu tangu ujana, na hata akinong'ona, sauti yake ilikuwa kama mvua juu ya bati. Mkewe alikuwa mpiga pasi katika hoteli moja ya mjini. Alinyoosha mashuka ya wageni mpaka akaota mvi, na hakuwahi kulalia hata moja. Watoto walipochanga wakawalipia mapumziko, hilo ndilo lililokuwa utani wa nyumba nzima.

"Mama, zamu yako sasa," alisema kitinda mimba. "Nenda ukayakunje mashuka ya wenzio kwa mgongo."

"Kwa nini sasa?" mama aliuliza. "Miaka yote hiyo mlikuwa wapi?"

Wakamwambia ni kwa sababu ametoka hospitali, na vidonda vya tumbo vinataka utulivu. Vidonda vya tumbo havikuwepo. Daktari alikuwa amewaita Fundi na mwanawe mkubwa ukumbini, akawaambia ugonjwa umeshaingia kwenye ini na hakuna cha kukata tena. Nguvu alizonazo, alisema, ndizo za mwisho. Akianza kuvimba miguu, msimsafirishe. Mwana mkubwa alitaka mama aambiwe, kitinda mimba akasema atakayemwambia ndiye atakayekuwa amemuua. Walibishana mpaka wakachoka, kisha wakamtwika baba mzigo.

"Mwambie huko huko kisiwani," alisema mwana mkubwa. "Akiwa ametulia."

Asubuhi ya kwanza kisiwani mkewe aliamka kabla ya jua, akatandika kitanda, akakunja taulo, akafagia mchanga mlangoni. Mama wa usafi alipoingia alisimama na ndoo yake mkononi.

"Dada, unanifukuzisha kazi. Msimamizi akiona hivi atasema sikuingia."

"Basi kavuruge kidogo."

"Na hizi kona za shuka umezikunjaje?"

"Njoo nikuonyeshe. Ila hili shuka pasi haikufika pembeni. Mwambie mwenzako aache uvivu."

Wakacheka wote wawili, na Fundi akatoka nje kwa sababu hakuweza kukaa na kicheko kile.

Baada ya hapo mkewe alijifunza kulala. Kulikuwa na viti virefu vya mbao mbele ya maji, na mhudumu kijana wa kiume aliyeleta maji ya matunda kwenye bilauri zenye kimwavuli cha karatasi. Mkewe alivikusanya vimwavuli vile kwa ajili ya wajukuu. Alikula samaki akamaliza, akaomba tena. Mashavu yalianza kujaa. Fundi alimwona akinawiri akawa kama mtu anayetazama nyumba mpya aliyoiezeka yeye mwenyewe, huku akijua mchwa wameshamaliza boriti.

Kila siku alijiambia leo. Akishakunywa chai. Akishaoga. Jua likipoa. Maneno yalikuwa machache na aliyajua yote, lakini kila alipofungua kinywa alijikuta anasifia samaki.

"Baba watoto," mkewe alimwambia siku moja baada ya chakula cha mchana, "siku hizi una maneno mengi ya samaki. Umekuwa mvuvi?"

"Mtu akila vizuri anasifu."

"Haya." Alijinyoosha kitini. "Unajua ninachofikiria? Nikirudi, kazini naanza Jumatatu. Halafu likizo ya mwakani nakwenda kwa dada."

Fundi aliweka bilauri chini. Jina la dada halikuwa limetajwa nyumbani kwao tangu msiba wa mama mkwe. Siku ile dada alisema mbele ya waombolezaji kwamba mdogo wake amekuja kugawana nguo za marehemu, si kulia. Naye mdogo alimjibu jibu lililowafanya hata wachimba kaburi waweke majembe chini. Hawakusemeshana tena.

"Nimekaa hapa sina la kufanya, nikamwota yeye tu," aliendelea. "Nilimwambia neno baya. Nataka nikamwambie kwa mdomo huu huu kwamba sikulimaanisha. Mwakani, nikishapata nguvu vizuri."

"Usingoje mwakani," Fundi alisema.

"Kwa nini?"

Akamwambia. Alimwambia vibaya, kama mtu anayemwaga mawe kutoka kwenye toroli: ini, daktari, ukumbini, watoto wote wanajua. Mkewe alisikiliza huku ameshika kimwavuli cha karatasi, akikifungua na kukifunga.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotoka hospitali."

"Na mkanileta hapa nilale."

"Upumzike, mama."

"Nina muda gani wa kutembea kwa miguu yangu, nyinyi mkaona niutumie kulala kitini?" Hakupaza sauti. "Mficha maradhi kilio humuumbua. Sasa wewe umeficha maradhi ya mtu mwingine. Kilio kitamuumbua nani?"

Fundi alinyoosha mkono amshike. Mkewe alikwisha kusimama, anaelekea mapokezi.

Meneja alikuwa mtu mpole, mwenye shati jeupe. Aliwasikiliza wakiomba boti siku hiyo hiyo, mama awahi kwa dada yake, akamtazama mama yule juu mpaka chini.

"Boti ni ya Jumamosi, mama. Nina redio, lakini hiyo ni ya mgonjwa mahututi."

"Basi niandike mimi. Ndimi mgonjwa mahututi."

Meneja alitabasamu kwa adabu. "Mbona umenawiri kuliko ulivyokuja? Wafanyakazi wote wanakusifia."

"Anasema kweli," Fundi alisema, na sauti yake ikajaza chumba kizima. "Anakufa. Washa hiyo redio."

Tabasamu la meneja likakauka. Redio ilikwaruza, sauti ya nahodha ikajibu kutoka ng'ambo: boti iko juu ya magogo, imekwanguliwa ubavu, inapakwa rangi. Kabla ya Jumamosi haigusi maji, hata kama anayeitaka ni mfalme.

"Tupeleke ujumbe basi," meneja alisema. Sasa alikuwa na haraka kweli. "Nipe namba ya huyo dada, nahodha ampigie."

Mkewe alitazama meza. "Niliifuta. Siku ile ile ya mazishi."

"Watoto wako?"

"Hawana. Niliwakataza."

Asubuhi iliyofuata viatu havikumwingia mkewe. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasukuma, akajaribu kingine, kisha akaviacha. Miguu ilikuwa imejaa mpaka vifundo havionekani. Wote wawili waliitazama. Baadaye mkewe akasema, "Nipeleke gatini."

"Boti haiji leo."

"Najua siku za wiki. Sitaki kulala tena humu."

Fundi na mhudumu walimbeba na kiti chake kirefu mpaka mwisho wa gati, wakamweka akitazama ng'ambo, sanduku pembeni. Mhudumu aliuliza kwa sauti ndogo kama alete kinywaji. Mama alimwambia alete, ila bila mwavuli.

Jua lilikuwa kali. Fundi alirudi, akaomba miti ya kutegemezea migomba na kamba. Akavua shuka kitandani. Akafunga miti kwenye nguzo za gati, akatandaza shuka juu, akaliinamisha kidogo upande mmoja kama paa linalotazamia mvua. Ndiyo kazi pekee aliyoijua. Alipomaliza alikaa chini, kwenye mbao, karibu na miguu ile.

"Tukishuka Jumamosi," alisema, "tutapanda basi siku hiyo hiyo. Nitakubeba."

"Safari ya basi ni kutwa nzima, baba. Daktari alisemaje kuhusu miguu ikivimba?"

Fundi alikaza kamba iliyokuwa karibu. Alijua kwamba mkewe anajua jibu.

"Nisamehe," alisema.

Mkewe alikuwa akilitazama shuka juu yake, upepo ukilipiga. "Leo siwezi," alisema. "Niulize kesho."

Maji ng'ambo yalikuwa matupu. Mkewe alinyanyua mkono, akavuta pembe ya shuka iliyokuwa ikining'inia, akainyoosha kwa kiganja, tena na tena, pale ambapo pasi haikufika.