Mkono wa Kushoto wa Marieta

Ndoo ilipinduka, maziwa yakamwagikia samadi, na Marieta akakaa chini pale pale ubavuni mwa ng'ombe, kiganja amekibana kifuani. Jasho lilimtiririka, ingawa asubuhi ya kijijini Nangwa ilikuwa baridi ya kutetemesha meno.

Haikuanza leo. Tangu mavuno, mkono wake wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi kabla ndoo haijafika nusu. Majirani wakamwita mvivu. Kule zahanati walimpima presha mkono huo, mashine ikagoma. Wakasema mbovu, wakahamia wa kulia, wakampa dawa za vidonda vya tumbo.

"Shemeji, msichana wa miaka ishirini na miwili anaumwa moyo gani?" Akonaay, mdogo wa marehemu mume wa Bernadina, mama yake Marieta, alicheka aliposikia binti anapelekwa hospitali. "Moyo ni wa wazee wenye vitambi. Na Jumapili wageni wa posa wanakuja. Unataka kumtangaza binti ni mgonjwa?"

Bernadina alikuwa ameshamfunga mwanawe shuka. "Wageni wape chai wewe, shemeji. Sisi tunapanda basi."

Katika hospitali ya Haydom, nesi alifunga mkanda wa presha mkono wa kushoto. Mashine ikagoma. Akaanza kuufungua ahamie wa kulia, Bernadina akauzuia kwa mkono.

"Huu huu, mwanangu. Huu ndio unaokufa akikamua."

Nesi akatafuta mapigo ya damu kwa vidole. Akatafuta tena. Kisha akatoka mbio kumwita daktari.

Daktari alieleza taratibu. Mwili wa Marieta unajishambulia wenyewe. Kuta za mishipa mikubwa zimevimba, njia ya damu imekuwa nyembamba, ya mkono na ya moyo vilevile. Asubuhi ile moyo ulikosa damu. Wangesubiri Jumapili, wangesubiri msiba. Dawa atakunywa muda mrefu. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu.

Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, Akonaay alikuja na salamu: wale wa posa wanauliza kama binti bado anafaa kazi.

"Waambie waje alfajiri," Bernadina alisema. "Waje na ndoo yao, wajionee kazi."

Alfajiri walikaa wawili chini ya ng'ombe mmoja, binti akikamua kwa mkono wa kulia, mama akiwa mkono wake wa kushoto. Ng'ombe aligeuza kichwa, akawatazama. Mchirizi mmoja wa haraka, mwingine wa kusitasita, yote ndani ya ndoo ile ile.