Ndiyo Kwanza Nawaona

Fundi Barafu alikaa kwenye benchi la ukumbini. Nyuma ya mlango ule wa kahawia ndiko ilikokuwa kazi aliyoililia tangu kiwanda cha aiskrimu kilipofungwa: kusimamia majokofu ya bohari ya dawa. Jina la Barafu alipewa na wenzake wa kiwandani kwa sababu ya kazi yake, si kwa sababu ya roho yake. Roho yake siku hiyo ilikuwa juu juu.

Na ingekosaje kuwa juu? Yeye, mkewe na watoto wao walikuwa wamejibanza kwa shemeji, kaka wa mkewe. Watoto walilala sebuleni, na hawakupata usingizi mpaka mwenye nyumba amalize kutazama mpira. Juzi mkewe alimweleza bila kupindapinda: "Baba, nimechoka kuomba ruhusa ya kuwasha jiko. Ukiikosa na hii, nawachukua wanangu narudi kwa mama." Hakutoa hata chozi alipoyasema hayo, na hilo ndilo lililomtisha fundi.

Ila safari hii hakuja hivihivi. Kwenye jopo la usaili alikuwamo afisa utumishi, dada mmoja mpole asiyependa mzaha kazini. Walikutana kwenye semina ya watafuta kazi, fundi akapiga moyo konde, akamfuata, akajitambulisha. Dada yule hakumwahidi kazi hata siku moja. "Kaka, mimi sigawi kazi," alimwambia. "Lakini wasifu wako nitausoma." Akausoma, akafyeka maneno matupu yote, na nafasi ilipotoka akamtumia tangazo. Fundi naye hakuwa king'ang'anizi: salamu za hapa na pale, ahsante, basi.

Tatizo lilikuwa shemeji. Jamani, kuna wajuaji, halafu kuna shemeji huyu! Mtu hajafanya usaili tangu azaliwe, duka lenyewe karithi kwa baba yake, lakini asubuhi ile alimshika fundi bega mlangoni akamnong'oneza: "Shemeji, wakikuuliza kama unamjua mtu humo ndani, kana. Kana katakata! Ukikubali tu, watasema umebebwa, na huyo dada naye utamponza." Fundi akaona maneno yana akili.

Akaitwa. Ndani walikuwa watatu: mwenyekiti mwenye miwani, mkuu wa bohari, na dada yule, kalamu mkononi. Fundi akasalimia, akakaa alipoonyeshwa.

"Kabla hatujaanza," mwenyekiti alisema, "hapa kwetu tuna utaratibu mmoja. Kuna yeyote kati yetu unayemfahamu?"

Utaratibu wenyewe wala si wa kutisha. Ukisema namjua fulani, fulani anatoka nje, anasubiri umalize, anarudi. Hakuna aliyewahi kunyimwa kazi kwa hilo. Sasa fundi wa watu angeujulia wapi? Akamtupia dada jicho. Dada akamtikisia kichwa kidogo, maana yake sema tu. Yeye akaelewa anaambiwa akaze hapohapo, akane.

"Hapana, mzee. Ndiyo kwanza nawaona."

Mkuu wa bohari akaacha kuandika. Dada akainamisha uso.

"Fikiri vizuri, fundi," mwenyekiti alisema polepole. "Hatuna haraka."

Loo, nafasi ya kujirudi si hiyo hapo! Neno moja tu lingetosha. Lakini akilini akamwona mkewe anafunga nguo za watoto. Akajikaza kisabuni.

"Haki ya Mungu, mzee, simjui mtu hapa."

Dada akaifunika kalamu yake, akainuka. "Mwenyekiti, kama nilivyowaeleza asubuhi, nawapisha." Akatoka bila kumtazama.

Wakamuuliza ya ufundi, na yote akayajibu: gesi, kompresa, jenereta umeme unapokatika. Hakukosea hata moja. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Ufundi unao, tena mwingi. Lakini chanjo ikipata joto, kwa macho haionekani. Wewe ndiye utakayetuambia imwagwe au wachomwe watoto. Tutakuaminije?"

Fundi aliaga kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuisikia.

Nje, dada alikuwa amesimama dirishani. Fundi akamwendea mbiombio. "Dada, nisamehe. Nilitaka kukulinda."

"Mimi nilishajilinda, kaka. Niliwaambia mapema kwamba nakufahamu." Sauti ilimtetemeka, hasira na uchungu vimechanganyika. "Wakaniuliza ni mtu wa namna gani. Nikawaambia sijaona mtu mkweli kama wewe."

Simu ya fundi ikaanza kuita mfukoni. Alikuwa mkewe. Dada hakuondoka, alibaki palepale, anamtazama usoni. Fundi akapokea.

"Enhe, baba, vipi?" Sauti ya mkewe ilijaa matumaini. "Wamekuuliza nini?"

Fundi akaegemea ukuta. "Wameniuliza kitu ninachokijua, mke wangu," alisema, "nikawadanganya."