Ngazi ya Kasubi

Kahambu alikufa kwa sababu ya karatasi mbili, na aliyezibandika ni mimi, Olal. Nalisema hilo mwanzoni ili msomaji asinitafutie udhuru.

Niliingia polisi mwaka 1987 nikiwa sijamaliza shule. Niliyoyajua baadaye niliyasoma jioni baada ya kazi: Kiingereza, hesabu, na nilipofikisha miaka hamsini na minne, kompyuta. Darasani waliniita Babu. Mtihani ulipokuja, Babu alishika nafasi ya pili. Cheti hicho ndicho kilichonipa kazi baada ya kustaafu, katika chumba cha kamera cha jengo moja la maduka pale Nakivubo.

Chumbani mlikuwa na kompyuta moja na skrini nane. Mafundi walitaka kompyuta mbili. Mimi nikasema moja inatosha, nikaifungua mwenyewe, nikatia kadi mbili za picha, kila moja ya nyaya nne. Ilipowaka, jengo zima lilikuwa mbele ya kiti changu. Meneja alianza kuleta wageni waje kutazama.

Kutoka juu kulikuwa na ngazi mbili zisizo na tofauti yoyote, rangi ileile ya kijivu, vyuma vilevile. Wachuuzi waliita moja Nateete, kwa kuwa ukifika chini unakutana na teksi ziendazo Nateete. Nyingine waliiita Kasubi kwa sababu hiyohiyo. Nami niliandika majina hayo kwa kalamu nene na kuyabandika kwenye fremu za skrini mbili zilizokaa pamoja.

Kompyuta ile ilikuwa na tabia moja. Umeme ukikatika na kurudi, ilizihesabu skrini upya, na skrini iliyochelewa kuamka iliweza kupewa picha ya jirani yake. Nililijua hilo. Nilitunga kanuni, nikaitundika ukutani: kila kompyuta inapowaka, mlinzi apite mbele ya kila kamera akipunga kofia, nami nihakikishe anaonekana palipoandikwa jina la mahali alipo. Mlinzi huyo alikuwa Zéphyrin, mkimbizi kutoka Bukavu.

"Afande, njo hii kofia utaimaliza," alinitania kila mara, kwa ile "njo" ya Wakongo badala ya "ndiyo". "Batu banasema ninaaga jengo."

Jumamosi moja, saa nane mchana, umeme ulikatika kwa dakika tatu. Uliporudi, meneja wetu, Bwana Ogwal, alikuwa anaingia na wageni watatu wenye jengo lao kwingine. Redio yangu ikalia.

"Afande, nianze kutembea na kofia?"

"Ngoja. Nina wageni."

"Lakini kanuni inasema..."

"Kanuni ni yangu, Zéphyrin."

Wageni walicheka. Nami nilicheka. Walipoondoka nilikuwa bado nazionja sifa zao, na sikumwita.

Haikupita nusu saa, moshi ukaanza kujaa kwenye skrini iliyoandikwa Nateete. Ghorofa ya tatu kulikuwa na stoo ya magodoro, na ndiko ulikotoka. Nilibonyeza kengele, nikawapigia simu wazima moto. Watu wa maduka ya chini walitokea mlango mkubwa wa mbele. Juu, ghorofa ya nne, walibaki washonaji watano na Kahambu, muuza vitenge, Mkongo kama Zéphyrin. Hao walikuwa na ngazi zile mbili tu.

Nikashika kipaza sauti. "Ghorofa ya nne, moshi uko Nateete. Shukeni kwa Kasubi!"

Redio ikaita. "Afande, niko chini ya Kasubi. Moshi inanuka huku."

"Moshi ninauona Nateete."

"Macho yananiwasha, Afande."

"Wewe una macho mawili. Mimi ninayo manane. Fungua mlango uwapokee."

Alifungua. Hewa ikaingia kwa chini, moshi ukapanda kwa nguvu.

Hapo nikawaona watu sita wakishuka ndani ya moshi, kwenye skrini iliyoandikwa Nateete. Mbele yao alikuwa Kahambu, mtandio puani. Kila asubuhi aliponiletea chai alikuwa akiniuliza, "Papa Afande, jana uliniona vizuri kwa televisheni yako?" Sasa nilimwona vizuri, na nilikasirika. Nilidhani wamekaidi.

"Kahambu! Nimesema Kasubi! Shukeni kwa Kasubi!"

Akainua uso kwenye kamera. Kamera zetu hazikuwa na sauti. Niliona kidole chake kikielekea ngazi chini ya miguu yake, na midomo yake ikitamka neno fupi, mara mbili, mara tatu. Niliona kama "no", kama mtu anayekataa.

"Usibishane nami!" nilipiga kelele. "Kasubi!"

Wale watano walisita, wakageuka kupanda. Kahambu aliwapungia mkono wamfuate, kisha akaendelea kushuka peke yake. Moshi ukamfunika.

Ndipo nikatazama skrini ya pili, ile iliyoandikwa Kasubi. Ngazi ilikuwa safi, tupu. Chini mlango ulikuwa umefungwa, na Zéphyrin hakuwepo.

Nilitangaza tena, safari hii washuke kwa Nateete, na sauti yangu sikuitambua. Wale watano walipita upande wa pili, wakatoka wazima. Zéphyrin alifunga uso kwa shati lililoloa maji, akaingia, akamtoa Kahambu. Alikuwa ameshakata roho.

Bwana Ogwal alikuja chumbani akihema.

"Mzee, zing'oe hizo karatasi kabla polisi hawajapanda. Mlango alifungua yule Mkongo. Wameshamtia pingu huko chini."

"Alifungua kwa amri yangu."

"Nani alisikia? Wewe ni mtu mwenye cheti na pensheni. Yeye ana nini?"

Nilikuwa na jina. Katika miaka yote ya polisi hakuna aliyewahi kuandika kosa langu. Niliweka ukucha chini ya karatasi ya Nateete, na kona moja ikainuka. Kupitia skrini ya mlango wa mbele nilimwona Zéphyrin amekaa chini kwenye lami, mikono nyuma, kichwa wazi. Sijui kofia yake ilipotelea wapi.

Nikairudisha ile kona, nikaikandamiza kwa kidole gumba.

Afisa alipoingia nilimwonyesha kila kitu, pamoja na kanuni yangu ukutani. Niliandika maelezo kurasa nne kwa mkono wangu. Zéphyrin walimfungulia jioni. Alinipita kituoni bila kunisalimu.

Wiki ya pili nilikwenda Nateete kwa Huguette, dada yake Kahambu. Nilimkuta anakunja vitenge vya marehemu, vingine bado vinanuka moshi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakunikaribisha kiti.

"Ulikuwa unamuona mpaka mwisho?" aliuliza.

"Nilimwona."

"Alisema nini?"

"Sikusikia. Alikuwa ananikatalia."

"Onyesha."

Mimi mzee nilisimama mlangoni mwa watu, nikaelekeza kidole sakafuni, nikatamka bila sauti lile neno fupi, mara mbili, mara tatu. Huguette aliutazama mdomo wangu. Kitenge kikamponyoka.

"Hakukukatalia, Papa," alisema. "Alikuwa anasema, 'Njo hii.' Kasubi njo hii."