Chuma cha Pikapu Nyeupe

Kavindu alikuwa akiuza makabati na vitanda huko Kabiria, na mizigo yote aliipeleka mwenyewe kwa pikapu yake kuukuu. Kabati ni mzigo msumbufu. Uzito wake si wa kutisha, lakini ni refu, na gari likikata kona hulala upande mmoja. Siku kabati la milango mitatu lilipokaribia kumpindua kwenye kona ya Muthangari, aligeuza na kwenda moja kwa moja Ngara, kwenye gereji ya Ravneet.

Ravneet Singh alikuwa akimtengenezea gari lile tangu alinunue. Aliingia chini yake na tochi, akatoka akijifuta mikono.

"Mama Kabati, huku nyuma huna stebilaiza kabisa. Na ya mbele ni nyembamba kama waya."

Stebilaiza ni chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ili upande mmoja usilale peke yake kwenye kona. Ravneet alikuwa nazo mbili nzuri, nene. Zilikuwa kwenye pikapu nyeupe iliyogongwa, aliyoinunua kwa ajili ya vipuri, imekaa nyuma ya gereji bila magurudumu. Mlango wake wa kushoto ulikuwa umebonyea hadi kitini. Kavindu aliuona, na hakuuliza. Nusu ya magari ya Nairobi yanatembea kwa viungo vya magari yaliyokufa.

Walifanya kazi pamoja mchana ule. Chuma cha mbele kilitoka bila taabu. Cha nyuma kilishikwa na kutu, kikagoma, hata Ravneet akaweka spana chini akanyoosha mgongo apumzike. Ndipo kikadondoka chenyewe.

"Ilikuwa imelegea tayari," Ravneet alisema, ingawa sauti yake haikuwa na uhakika.

Alikataa kutumia mipira ya zamani; alitia bushi mpya za mpira na linki mpya za kushikilia vyuma, akakaza kila kitu. Kavindu alipoijaribu, pikapu ilikata kona ikiwa imesimama wima, imetulia. Alirudi nyumbani akiwa na furaha.

Haikupita wiki. Alasiri moja alikuwa akitoka kupeleka kitanda, pikapu tupu, jua bado kali. Kwenye ile kona ya Muthangari alipunguza mwendo kupita tuta, na pikapu ikashuka upande wa kushoto. Ilishuka taratibu, springi zikilia, vile gari linavyoshuka mtu anapopanda. Ikabaki hivyo. Alipofika Kabiria, mbele ya geti moja la buluu, ule upande ukainuka tena.

Kesho yake ikawa vilevile. Na siku iliyofuata. Akiwa na mzigo au bila mzigo, mahali ni palepale.

Ravneet aliiinua kwa jeki, akapima kulia na kushoto, akagonga kila nati. Hakuona kasoro. "Twende nayo," alisema. "Nataka kusikia mwenyewe."

Aliketi kiti cha abiria, akishika dirisha, akisimulia habari za binti yake Simran aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani. Walifika kwenye kona. Pikapu ikashuka. Ravneet aliendelea kusimulia, lakini alijisogeza, akaja katikati, goti lake likagusa gia. Walikwenda hivyo mwendo mrefu kabla Kavindu hajasema.

"Mbona umenisongea?"

Ravneet alitazama goti lake, kisha akatazama nafasi iliyobaki kati yake na mlango. Ilitosha mtu mmoja.

"Sijui," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona ni kama nampisha mtu."

Mbele ya geti la buluu, upande ule ukainuka.

Jioni hiyohiyo Ravneet alimpigia simu aliyemuuzia pikapu nyeupe. Aliambiwa kwamba aliyeiendesha siku ya ajali alikuwa mtunza bustani, na aliumia mkono tu. Aliyekufa ni msichana wa kazi aliyepewa lifti, anaitwa Valarie. Waligongwa na lori kwenye kona ya Muthangari, naye alikuwa anakwenda nyumbani Kabiria.

"Lete nitoe hizo vyuma," Ravneet alimwambia Kavindu. "Nitazikatakata."

"Ngoja kwanza," Kavindu alimjibu. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Alihisi tu kwamba vyuma vikitolewa, mtu atabaki pale kwenye tuta akingoja gari lisilokuja.

Asubuhi alibisha geti la buluu. Alitoka mwanamke mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikuwa Rachael, dada yake Valarie. Walikuwa wakipanga chumba kimoja. Kavindu alijikaza akamweleza yote, akitarajia kutukanwa.

Rachael hakushangaa. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Kumbe ni wewe unamleta," alisema. "Kila siku kuelekea jioni nasikia mlango wa gari ukifungwa. Halafu kitanda chake kinalia. Asubuhi anatoka, tena najua ametoka, kwa sababu napata pumzi."

"Anakusumbua?"

"Hanisumbui. Anangoja tu. Tulimtoa mochari tukampeleka Mwingi moja kwa moja, tukamzika. Hakuna aliyepita pale alipoangukia kumwambia twende nyumbani." Alijifuta uso na leso. "Dada yangu, nisaidie. Mpeleke Mwingi, aungane na mwili wake."

Jumamosi walipita Muthangari wawili. Rachael alikaa katikati, akaacha kiti cha dirishani. Kavindu alisimamisha pikapu kando ya tuta, akashuka, akazunguka kufungua mlango wa kushoto. Watu waliokuwa wakitembea kando ya barabara walimtazama mwanamke aliyeshika mlango wa gari kwa heshima, hakuna anayepanda. Kisha pikapu ikashuka, naye akaufunga polepole.

Rachael alianza kuongea kwa Kikamba. Alimweleza Valarie ni nani alikuja matangani, nani hakuja, mama anaendeleaje na mguu wake, na kwamba hawarudi Kabiria leo. Aliongea mpaka Thika, akapumzika, akaendelea. Mara moja alicheka, kama amejibiwa. Kavindu alikaza macho barabarani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa baridi muda wote, ingawa walipopita Matuu jua lilikuwa likichoma.

Huko Mwingi, kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba ya mama yao, udongo bado mwekundu. Kavindu aliingiza pikapu mpaka karibu na ua, akafungua mlango, wakangoja. Mama mtu alitoka jikoni akichechemea, akawaona, akasimama palepale.

Pikapu iliinuka.

Kuku waliokuwa wakichakura kaburini waliondoka wote kwa pamoja, wakaelekea upande mwingine wa boma. Yule mama akainama, akaokota kijiti, akaanza kusawazisha udongo pale kuku walipofukua, akiimba kwa sauti ya chini.

Vyuma vile bado viko kwenye pikapu ya Kavindu, na makabati hayayumbi. Ravneet humtengenezea gari kama zamani, ila hujaribu breki akiwa peke yake na dirisha limefunguliwa. Rachael alihama Kabiria. Siku moja alimwambia Kavindu kwa simu kwamba sasa analala vizuri, na kwamba chumba kipya ni kidogo mno kwa watu wawili.