Nyuzi Tano Kila Siku

Mashaka hayaji na tarumbeta. Yalimwingia Bi Maswali asubuhi ya Jumatano, siku ya chanjo, kalamu mkononi na chai ikimpoa pembeni, alipokuwa akinakili namba za joto la friji kwenye ripoti ya mwezi. Asubuhi tano, jioni tano. Kesho yake tano na tano. Alishuka na kidole toka juu ya karatasi mpaka chini, kidole hakikukutana na namba nyingine yoyote, kama mtu anayetembea kijiji kizima akipishana na sura ileile.

Kituoni walimbandika jina hilo wiki yake ya kwanza tu, kwa sababu alikuwa muuguzi asiyepita kitu bila kukiuliza jina la baba yake. Hakuchukia. Alilivaa jina lake kama nishani.

Friji ya chanjo ilikuwa ya Mzee Barafu. Si kwamba aliinunua. Ila kwa miaka ishirini na sita aliitunza, funguo zake zilining'inia shingoni mwake, na wauguzi walitaniana kwamba mzee yule alioa mara mbili, mke mmoja nyumbani na mmoja chumba cha nyuma, na wa chumba cha nyuma ndiye aliyependwa zaidi. Mwezi uliofuata alikuwa anastaafu. Kila asubuhi na kila jioni alisoma kipimajoto kilichokuwa ndani, akaandika namba, akatia sahihi. Kanuni ilitaka joto lisishuke chini ya nyuzi mbili wala lisipande juu ya nane.

Tano ilikuwa ndani ya kanuni. Lakini Bi Maswali alirudisha kidole kwenye namba za wiki iliyotangulia, akasimama hapo. Wiki ile umeme ulikatika Jumapili alfajiri, haukurudi mpaka alfajiri ya Jumatano. Siku tatu za jua la kuchoma, friji imelala chini ya paa la bati. Na karatasi ilisemaje? Jumapili tano. Jumatatu tano. Sahihi ya Mzee Barafu imekaa pale imenyooka kama askari.

“Huyu mzee anaandika akiwa kitandani,” alijiambia.

Kwa nini wazo hilo lilimjia upesi hivyo, yeye mwenyewe hakutaka kuliuliza. Kulikuwa na swali moja katika dunia nzima ambalo Bi Maswali alilipita njia ya mbali. Jumanne ya wiki ileile, mzee alikuwa amekwenda kuzika ndugu, akamwachia funguo. Asubuhi alikuta foleni ya wajawazito imefika langoni, kisanduku cha asubuhi kikabaki kitupu. Jioni miguu ilikuwa imemvimba, chumba cha nyuma kilikuwa giza na joto kama tanuri. Alitazama namba za juu yake, akaandika tano kwenye visanduku vyote viwili, akatia sahihi, akaenda nyumbani. Kifuniko hakukigusa. Aliyekwisha kula kwa siri humwona kila mtu anatafuna.

Basi aliinuka, akajibanza mlangoni mwa chumba cha nyuma. Mzee aliinua kifuniko cha friji upana wa kidole kimoja tu, akamulika kwa tochi ndogo, akainamisha kichwa nusu pumzi, akafunga. Akaandika. Bi Maswali hakuhitaji kusogea ili ajue ameandika nini. Hata wezi wa kuku, aliwaza, huchungulia banda kwa muda mrefu kuliko huo.

Aliingia, akaomba afungue friji ajionee. Mzee Barafu alimtazama kama mtu aliyeombwa meno yake ya dhahabu.

“Friji si kabati la nguo, mwanangu. Haifunguliwi kwa hamu.”

Akarudisha funguo ndani ya shati. Kwa Bi Maswali lile shati lilikuwa ushahidi tosha. Msafi anaficha nini?

Hakumuuliza mzee neno lingine. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa daktari msimamizi na ile karatasi, akaiweka mezani, akasema kwamba mtunza chanjo anabuni namba, na kwamba akina mama waliokuwa wakianza kukaa kwenye mabenchi nje wasichanjiwe mtoto hata mmoja mpaka friji ikaguliwe. Daktari alikuwa mtu wa karatasi safi. Aliisifu kwanza ile karatasi kwa unadhifu, kisha akakumbusha kwamba mzee amebakiza wiki sita, kwamba mwenye kuondoka huacha kuchunguzwa, na kwamba maneno ya namna hii hayarudi mdomoni yakishatoka. Bi Maswali akasema yameshatoka. Mzee akaitwa.

Mzee Barafu alisikiliza mashtaka yote akiwa amesimama. Hakupandisha sauti, ila masikio yake yalikuwa mekundu. Alipomaliza kusikiliza alitoka bila kuaga, na Bi Maswali akamgeukia daktari kwa macho yaliyosema, unaona? Anakimbia. Lakini mzee alirudi amebeba kipimajoto chenyewe, akakilaza juu ya karatasi.

“Soma, daktari. Ndicho ninachokisoma mimi, asubuhi na jioni. Kama nimeandika namba ambayo hiki hakikusema, nikatwe hivi vidole.”

Daktari akasoma. Tano. Mzee akakunja mikono kifuani.

Wakaanza kubishana, daktari akiwataka wapeane mikono, mzee akikataa mpaka aombwe radhi, Bi Maswali akisema namba moja haiwezi kukaa mwezi mzima kama jiwe la kaburi. Dakika zikapita. Ofisi ilikuwa na dirisha moja na feni isiyozunguka. Jasho lilikuwa likiwachuruzika wote watatu. Daktari ndiye aliyetupa jicho mezani, akalirudisha, akakishika kile kipimajoto, akakifumbata ndani ya kiganja chake chenye jasho, akahesabu polepole kimoyomoyo. Akafumbua.

Tano.

Mzee Barafu alikichukua, akakipuliza kwa pumzi ya moto, akakikung'uta, akakisogeza mpaka kope zikakaribia kugusa kioo. Kilikuwa kimekufa. Kimekufa lini, Mungu ndiye ajuaye. Kilikufa kwenye tano, na tano ikabaki usoni mwake. Mzee hakuwa amedanganya hata siku moja. Alidanganywa asubuhi na jioni, akawa anatia sahihi.

Alitoka tena, safari hii kwa miguu mizito, akaleta kichupa kimoja cha matone ya polio. Kwenye lebo kulikuwa na duara, na ndani yake kimraba. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, dawa ni nzima. Kikishakuwa cheusi kama duara, dawa ni ya kutupa, na ukiirudisha kwenye baridi weusi hauondoki. Kimraba kilikuwa cheusi tititi.

“Hizi ndizo tulizotoa Jumatano iliyopita,” mzee alisema.

Bi Maswali alijua. Yeye ndiye aliyedondosha. Watoto thelathini na mmoja walipanua vinywa, na macho yake yalikuwa kwenye vinywa na kwenye foleni, wala hakugeuza lebo hata mara moja, maana karatasi ilisema tano, na tano mbili za Jumanne zilikuwa mwandiko wake. Mmoja wa watoto hao alikuwa wa kaka yake.

Daktari alifunga mlango. Alizungumza taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Vichupa vitatupwa, vitaandikwa kwamba vilivunjika. Kipimajoto kipya kitaombwa. Watoto wale wana dozi nyingine mbele, zitafidia. Kuwaita mama zao kutazua maneno, na maneno yakianza hakuna atakayeleta mtoto tena. Na kama wakubwa watauliza, basi mzee ndiye mwenye funguo, naye anakwenda kupumzika. Lawama haitamfuata bustanini kwake.

Mzee Barafu alikaa, kwa mara ya kwanza. Alisema watoto lazima waitwe, ila lawama ataibeba, kwani funguo ni zake. Halafu akakunja uso, akivuta karatasi.

“Kitu kimoja hakinikai akilini. Mimi nafungua upana wa kidole, nisipoteze baridi, kwa hiyo chupa sizigusi. Jumapili na Jumatatu nikaona tano nikasema friji yangu imeshika. Lakini Jumanne jioni, siku ya tatu, hata kipofu angehisi joto likimpanda usoni.” Kidole chake kilikuwa juu ya sahihi ya Bi Maswali. “Wewe, mwanangu, ulipofungua, uliona nini?”

Swali lilikuwa limemkuta. Daktari alimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kwa huruma kabisa. Tano, ndiyo hivyo tu. Neno moja, na lingekuwa kweli, kwa kuwa kipimajoto kisingesema kingine. Nani angebisha? Friji haina mdomo.

“Sikufungua,” alisema Bi Maswali.

Mzee hakuelewa mara moja.

“Sikufungua, mzee wangu. Niliandika tu. Ningefungua, tungejua Jumanne, na Jumatano watoto wasingepewa maji.”

Alivuta kalamu ya daktari, na pembeni ya visanduku vyake viwili akaandika kwamba joto halikupimwa, akatia sahihi upya na tarehe ya leo. Karatasi safi ikachafuka. Kisha akatoka nje, akawaambia akina mama wa mabenchini kwamba leo hakuna chanjo na kwa nini, akachukua daftari la kliniki na simu yake mwenyewe, akaanza kupiga kwa wale thelathini na mmoja.

Barua ya onyo ilimfikia kabla wiki haijaisha, na alistahili. Mzee Barafu alifanya naye kazi kimya, akimpa vitu mkononi bila kumtazama. Siku moja tu alisema, akifuta friji, kwamba kosa la kutofungua amelisamehe, kila mtu huchoka.

“Ila ulinitilia shaka asubuhi nzima, na wewe ndiye Bi Maswali. Mbona mimi hukuniuliza?”

Bi Maswali alichukua kitambaa kingine, akaanza kufuta upande wa pili wa friji.

Chanjo mpya zilipofika, wifi yake alikuwa wa tatu kwenye foleni, mtoto begani, kadi imekunjwa mkononi. Wawili hawa huchekana mpaka majirani hufungua madirisha. Leo wifi hakucheka. Bi Maswali alikwisha kufungua kichupa, akamwomba amshike mtoto kichwa.

“Subiri, wifi,” alisema mwanamke yule, na akanyoosha kiganja. “Siku ile pia ulisema mshike kichwa. Lete hiyo chupa kwanza niione mimi.”

Foleni nzima ilikuwa ikisikiliza. Bi Maswali alikiweka kichupa kiganjani mwake, lebo juu, akamwonyesha duara, akamwonyesha kimraba, akasimama kando akingoja.