Na Ndugu Wengineo

Mfiwa hutakiwa kutulia mkekani apokee pole. Mimi tangu baba yetu, Mzee Hironimus, afariki, nilikuwa kama niliyekalia siafu. Naketi, nainuka, natoka hadi barabarani, narudi. Shangazi zangu walisema Lidwina amezoea kusimama kwenye mitumba yake sokoni, kukaa hajui tena. Waache waseme.

Kilichoniinua ni tangazo. Kaka yetu mkubwa, Pankrasi, ndiye aliyelipeleka redioni. Jioni tuliizunguka redio uani, betri zake tumezianika juani tangu mchana zipate nguvu kidogo, tukamsikia mtangazaji: "Habari ziwafikie Lidwina wa Songea, Rupert wa Madaba, Careen wa Mbeya, na ndugu wengineo popote walipo."

Beda, kitinda mimba wetu, hakutajwa.

Nilimvuta Pankrasi nyuma ya jiko. "Mbona umemruka Beda?"

"Sijamruka. Yumo kwenye wengineo."

"Wengineo ni kina nani?"

"Ni wote ambao hujawataja, Lidwina. Neno lenyewe kazi yake ndiyo hiyo."

Kazi yake naijua, asinifundishe. Wengineo ni binamu wa mbali, ni mtu mliyewahi kusali naye jumuiya moja, ni yule ambaye akija msibani mtafurahi na asipokuja hamtauliza. Mtoto wa tumbo moja haingii humo.

Lakini kilichomshinda pia nilikijua. Ununuzi wa korosho ulipofunguliwa kwa watu binafsi, Beda alikwenda Tunduru kufanya biashara. Huko akampenda Zuhura, akasilimu, akamwoa, akaitwa Bakili. Baba alinuna mpaka anakufa. Sasa Pankrasi, mwenyekiti wa jumuiya, angetangaza jina gani? Aseme Bakili, wazee wa kanisa wasikie? Aseme Beda, mwenyewe aone ametukanwa? Akaona ajifiche kwenye wengineo. Mficha uchi hazai.

Mama hakusikia tangazo, alikuwa ndani na wanawake. Aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu wa mwisho amepelekewa habari?"

"Amepelekewa, mama," Pankrasi akajibu.

"Maana baba yenu ameondoka hawajapatana. Asipotia udongo pamoja na wenzake, ugomvi huu utabaki juu ya ardhi, nami sitalala."

Kutwa nzima ya pili nilikuwa barabarani nikitazama malori yanayotoka Namtumbo. Kila lililosimama, nililikimbilia. Hakushuka mtu wetu.

Asubuhi ya maziko sikuweza kungoja nyumbani, nikatangulia makaburini. Majirani walikuwa wameshafika kiunoni wakichimba. Mmoja wao alikuwa ameweka kofia yake ya kitambaa cheupe juu ya kichuguu cha udongo. Nilipomtazama vizuri, nikamtambua. Kwetu mtoto wa marehemu hachimbi kaburi la mzazi wake. Kazi hiyo ni ya majirani.

"Shikamoo, dada," Beda alisema, jembe mkononi.

"Toka humo. Mama anakungoja."

"Nilikuwa kule Tunduru, dukani kwa Chande, tangazo linasomwa. Nikamwambia aongeze sauti, nikajisikiliza mpaka mwisho." Akapiga jembe. "Nimekuja mahali nilipoitwa, dada. Kwa wengineo."

Nilimbembeleza, nikamgombeza, hakutoka. Ukaidi ule ule wa baba. Nikarudi nyumbani mbio na kumshika Pankrasi mkono. "Yupo. Ukifika kaburini mtaje. Jina lolote, lakini umtaje."

"Nitamtaja," aliniambia, na nikaona anamaanisha.

Jeneza liliposhushwa, Pankrasi akaanza kuita watu watie udongo, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Akamwita mama. Akajiita na kutia wake. "Lidwina. Rupert. Careen." Katekista alikuwa ubavuni pake, na nyuma yao wazee wa kanisa wamejipanga. Pankrasi akawatupia jicho.

"Na wengineo, majirani na marafiki, karibuni."

Beda alitoka katikati ya wachimbaji. Akatia konzi yake ya udongo, akapangusa mikono kwenye suruali, akaanza kuelekea njia ya kwenda stendi.

"Beda," mama aliita. Hakugeuka.

"Bakili."

Akasimama. Sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwa mama.

"Nimeshatia, mama," alisema.

Mama aliinama kwa taabu, akachota udongo kwa mikono miwili, akamfuata pale aliposimama. Akamfumbua kiganja na kuumimina humo.

"Ule ulikuwa wa jirani," alimwambia. "Sasa njoo utie wa mtoto."

Pankrasi akasogea kumpisha.